Mlima Hauna Msamaha, Bomba Linao: Hotuba kwa Mafundi na Kamati za Maji, Mwanza

Mwangaluka, ndugu zangu! Nawasalimu mafundi bomba wa Igoma, Buhongwa na Nyegezi; wenyeviti na wahazini wa kamati za maji kutoka Magu, Misungwi na Sengerema; wakulima wa mpunga na wa mboga wenye pampu ufukweni; na wenzetu wa Ukerewe waliopanda kivuko alfajiri ili wawahi hapa.

Leo tunazungumza juu ya msuguano wa maji ndani ya mabomba na mifereji. Naanza na jambo ambalo kila kamati imeshawahi kulikalia kikao. Ziwa lile pale, limejaa. Tanki liko juu ya mlima kati ya mawe. Pampu inanguruma, uniti za umeme zinakwisha kila wiki, lakini maji yanayofika juu ni ya kulalamikia. Kikao kinaamua pampu ni ndogo, inunuliwe kubwa zaidi. Mara nyingi uamuzi huo si sahihi, na ni ghali. Pampu ni nzima kabisa. Nguvu yake inaliwa njiani, ndani ya bomba, mahali ambapo hakuna anayeona.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Pampu iko ufukweni. Tanki liko mita 60 juu ya usawa wa ziwa, kimo cha kawaida kwa vilima vyetu. Bomba lina urefu wa mita 800. Tunataka lita 3 kwa sekunde, yaani tanki la lita 5,000 lijae kwa dakika 28 hivi. Pampu hapo ina madeni mawili. Deni la kwanza ni la mlima, mita 60, na mlima hausamehe hata mita moja. Deni la pili ni la msuguano, na hili tunalipanga wenyewe siku tunapokwenda dukani kununua bomba.

Tukilaza bomba la plastiki gumu la milimita 90, lile mafundi wanaloliita la inchi 3, la daraja la presha PN10, msuguano wa safari nzima ni kama mita 4, yaani sawa na kupandisha maji mita 4 zaidi. Tukishuka hadi la 75, unakuwa mita 9 na kitu. La 63, yaani inchi 2, mita 22. La 50, inchi moja na nusu, mita 66. Rudieni hiyo ya mwisho: bomba la 50 linadai mita 66 za msuguano wakati mlima wenyewe unadai 60. Ni sawa na kujenga mlima wa pili juu ya ule aliotupa Mungu, kisha kuupanda kila siku kwa umeme wa kununua.

Na mambo hayaishii hapo. Mita 60 za mlima na 66 za msuguano ni mita 126, na presha hiyo yote inakaa mwanzoni mwa bomba, pale pampu inapotoa maji. Daraja PN10 linahimili mita 100 hivi. Kwa hiyo fundi analazimika kuchukua PN16. Lakini mabomba haya hupimwa kwa kipenyo cha nje. Ukuta ukiwa mnene zaidi, unene huo unaingia ndani na kula njia ya maji. Bomba la 50 la PN10 lina uwazi wa ndani wa milimita 44. La PN16 lina milimita 40.8. Tofauti ni milimita 3 tu na kidogo, lakini msuguano unaruka kutoka mita 66 hadi mita 94. Jumla sasa ni mita 154, na PN16 yenyewe imebakiwa na mita chache tu kufika kikomo chake. Hivi ndivyo mradi unavyopasuka viungio wiki ya kwanza, na lawama zinamwangukia fundi aliyeunganisha, wakati kosa lilifanyika kwenye karatasi ya bei.

Kwa sababu hiyo, mkiuliza bei ya bomba ulizeni na kipenyo cha ndani. Namba iliyochapwa ubavuni ni ya nje. Maji hayapiti nje.

Sasa kwa nini msuguano una ukali huo? Mwaka 1883 Osborne Reynolds, mhandisi aliyekuwa akifundisha Manchester, Uingereza, alipitisha maji kwenye bomba la kioo na kuingiza katikati yake uzi mwembamba wa rangi. Maji yalipokwenda polepole, uzi ulinyooka mpaka mwisho wa bomba. Alipoongeza kasi, ukafika wakati uzi ukatikisika, ukakatika, na rangi ikatapakaa bomba zima. Mtiririko tulivu ukageuka mtiririko wa msukosuko. Reynolds akaonyesha kwamba mgeuko huo hautegemei kasi peke yake. Zidisha kasi kwa kipenyo, kisha gawanya kwa mnato wa maji, yaani ukinzani wake wa kutiririka. Ukipata chini ya 2,000 maji ni tulivu. Ukipita 4,000 ni msukosuko. Katikati yanabadilikabadilika, usiyategemee.

Maji ya ziwa letu yenye joto la nyuzi 25 yana mnato wa kama mita za mraba 0.0000009 kwa sekunde. Bomba letu la 63 lina uwazi wa mita 0.0554, na kwa lita 3 kwa sekunde kasi ni mita 1.245. Fanyeni hesabu: inazidi 76,000. Ili maji yawe tulivu ndani ya bomba hilo, kasi ingebidi ishuke hadi sentimita 3 kwa sekunde, na ndoo ya lita 20 ingehitaji zaidi ya dakika 4 kujaa kutoka bomba la inchi 2. Hakuna mama atakayesubiri hivyo. Maana yake ni kwamba karibu kila bomba tunalolaza, na kila mfereji tunaouchimba, unabeba maji ya msukosuko. Kanuni za maji tulivu tuziachie mafuta mazito na damu mwilini.

Piteni Mwaloni Kirumba asubuhi dagaa wakishushwa. Mwenye toroli katikati ya njia anakimbia. Walio kando ya meza wamesimama. Kama kila mtu angeshika mstari wake, msongamano ungekuwa mdogo. Lakini wa katikati wanasukumwa pembeni, wanagonga waliosimama na kupoteza mwendo. Waliosimama wanavutwa katikati, inabidi wakimbizwe upya. Ndani ya bomba ni hivyohivyo. Maji yanayogusa ukuta yamesimama kabisa, ya katikati yanakwenda mbio, na msukosuko unarusha mafungu ya maji kutoka huku kwenda kule bila kukoma. Kila fungu linalofika ukutani linapoteza kasi, na kila linalorudi katikati pampu lazima ilikimbize tena. Nguvu inavunjikia kwenye vizingia vikubwa, yaani mizunguko ya maji, kisha vidogo, kisha vidogo zaidi, mpaka inaishia kuwa joto. Na joto lenyewe ni kiasi gani? Mita 22 za msuguano zinapasha maji kwa nyuzi 0.05 tu. Hakuna mkono utakaolisikia, na ndiyo maana umeme huo unapotea miaka na miaka bila mtu kuuliza.

Katika maji tulivu, ukiongeza kasi mara mbili, msuguano unaongezeka mara mbili. Katika msukosuko unaongezeka karibu mara nne: kwenye bomba laini la plastiki ni kama mara tatu na nusu, kwenye bomba lenye kutu ni mara nne kamili. Kanuni tunayoitumia ina majina ya watu wawili wa karne ya 19, Julius Weisbach wa Ujerumani na Henry Darcy wa Ufaransa, yule aliyeuletea maji mji wa Dijon. Inasema hivi: kigezo cha msuguano, zidisha kwa urefu wa bomba uliogawanywa kwa kipenyo, zidisha kwa kasi ya kipeo cha pili iliyogawanywa kwa 19.62. Vipimo vyote viwe mita na sekunde. Kwa bomba letu la 63, kigezo ni 0.019:

0.019 × (800 ÷ 0.0554) × (1.245 × 1.245 ÷ 19.62) = karibu mita 22

Kipenyo kimejificha humo mara nyingi kuliko kinavyoonekana. Kipo wazi chini ya urefu. Kipo tena ndani ya kasi, kwa sababu kasi inategemea eneo, na eneo ni kipenyo kwa kipenyo; kisha kasi hiyo inapandishwa kipeo cha pili. Ukivikusanya vyote, msuguano unafuata kipenyo kwa kipeo cha tano. Punguza uwazi wa bomba nusu kwa kiasi kilekile cha maji, msuguano unapanda mara 32 hivi. Urefu ukiongezeka mara mbili, msuguano ni mara mbili tu. Kwa hiyo anayehangaika kukata kona ili aokoe mita 50 za bomba, halafu akanunua saizi ya chini, ameokoa senti na kutupa shilingi.

Nalisisitiza hili kwa hesabu ya umeme, ili wahazini mpate kitu cha kupeleka kijijini. Tuseme pampu na mota kwa pamoja zinageuza asilimia 55 ya umeme kuwa kazi ya kupandisha maji. Kwa bomba la 63, mota inavuta kama kilowati 4.4. Kwa bomba la 90 inavuta kama 3.4. Tofauti ni karibu kilowati moja. Mkisukuma saa 8 kwa siku, ni uniti kama 2,800 kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka, kwa maji yaleyale. Zidisheni kwa bei mnayolipia uniti moja, kisha mpeleke jibu dukani na mlipime na tofauti ya bei ya mita 800 za bomba. Hesabu hiyo ifanyike kabla ya kuchagua pampu, maana pampu huchaguliwa kwa jumla ya mlima na msuguano, na jumla hiyo haijulikani mpaka bomba lijulikane. Kamati inayonunua pampu kwanza halafu bomba imeanza safari kinyumenyume.

Kile kigezo, 0.019, kinatoka wapi? Mwaka 1933 Johann Nikuradse, akiwa Göttingen, Ujerumani, alichapisha majaribio ya mabomba aliyoyabandika punje za mchanga ndani, akitumia mchanga wa saizi mbalimbali. Baadaye Cyril Colebrook alipata kanuni ya mabomba halisi ya viwandani, 1939, na Lewis Moody akaichora kwenye chati, 1944, ambayo wahandisi wanaitumia mpaka leo. Swamee na Jain, 1976, walitoa njia fupi inayoingia kwenye kikokotoo cha simu, na hii ndiyo ninayowashauri:

f = 0.25 ÷ [log(k ÷ (3.7 × D) + 5.74 ÷ Re^0.9)]²

Hapo k ni kimo cha mikwaruzo ya ukuta wa bomba, D ni kipenyo cha ndani, vyote kwa mita, na Re ni namba ya Reynolds. Kwa plastiki mpya k ni kama milimita 0.0015. Kwa bomba jipya la chuma lililopakwa zinki ni kama 0.15. Kwa chuma kilichoota kutu ndani ni milimita 1 hadi 3.

Tukae kidogo kwenye mikwaruzo, maana hapa ndipo wengi wanapodanganywa na macho. Hata katika msukosuko mkali, kando kabisa ya ukuta hubaki utando mwembamba ambamo mnato bado unatawala na maji yanateleza kwa utulivu. Katika bomba letu la 63, kwa lita 3 kwa sekunde, utando huo una unene wa kama milimita 0.07. Ng'oa unywele mmoja kichwani uushike kwenye mwanga. Ndio unene wenyewe. Mikwaruzo ya plastiki inazama mzima ndani ya utando huo, na msukosuko hauijui kama ipo. Mikwaruzo ya bomba la chuma, milimita 0.15, inachomoza mara mbili ya utando, na kila kichomozo kinazalisha kizingia chake nyuma yake, kama jiwe katikati ya mto. Kwa lita zilezile 3 na mita zilezile 800, bomba jipya la chuma lenye uwazi wa milimita 53 linadai mita 39. Likiota kutu ya milimita moja na nusu linadai mita 80, na hapo sijahesabu kwamba kutu yenyewe imepunguza uwazi.

Kuna jambo jingine la ziwa letu hasa. Maji ya Victoria yana rutuba na mwani mwingi, na bomba la maji ghafi huota utelezi ndani. Fundi akilifungua anaingiza kidole, anakuta ukuta unateleza, anasema bomba ni zuri, limelainika. Sivyo. Kinachoteleza kwenye kidole si lazima kiteleze kwa maji. Utelezi huo ni wa vijidudu hai, una mawimbi na nyuzi zinazopeperuka kwenye mkondo, na kila upepeo unakula nguvu. Zaidi ya hapo unashika mchanga na matope, na uso wake unazidi kuwa mbaya. Bomba la plastiki lenye utelezi linaweza kudai msuguano kama wa chuma. Dawa yake ni kusukuma maji kwa kasi ya kutosha kuung'oa, mita 1.5 kwa sekunde au zaidi, kupitia koki ya kusafishia iliyowekwa sehemu ya chini kabisa ya laini. Na ukishindikana, sponji ngumu isukumwe na presha ya maji kutoka mwanzo hadi mwisho. Hiyo koki ya kusafishia iwekwe siku ya kulaza bomba. Kuiongeza baadaye ni kukata laini inayofanya kazi.

Upande wa kuvuta, kati ya ziwa na pampu, msuguano una hatari nyingine, nayo ni kubwa kuliko umeme. Pampu haivuti maji kwa uchawi. Inapunguza presha mdomoni mwake, na hewa ya anga inayakandamiza maji ya ziwa yapande. Pwani, Tanga au Dar es Salaam, hewa inaweza kupandisha maji kimo cha mita 10.3. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapa hewa ina uwezo wa mita 9 tu. Ondoa mita 0.3 kwa mvuke wa maji ya nyuzi 25. Ondoa mahitaji ya pampu yenyewe, yaliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda, tuseme mita 3. Ondoa nusu mita ya usalama. Zimebaki mita 5.2, na humo lazima viingie kimo cha pampu juu ya maji pamoja na msuguano wote wa bomba la kuvutia, futi valvu (valvu ya mwisho wa bomba ndani ya maji) na chujio. Fundi aliyeizoea pampu Dar es Salaam akaileta Mwanza bila kufanya hesabu hii upya atasikia pampu inakwaruza kama imemeza kokoto. Huo ni mvuke unaozaliwa na kupasuka ndani ya impela, gurudumu linalozunguka ndani ya pampu, na baada ya miezi kadhaa chuma chake kinatoboka kama kimeliwa na mchwa.

Kwa hiyo bomba la kuvutia liwe kubwa kwa saizi moja au mbili kuliko la kutolea, liwe fupi, lipande mfululizo kuelekea pampu bila mgongo wa kukusanya hewa, na chujio lisafishwe kila mara magugu maji yanapoletwa na upepo. Na kumbukeni ziwa linapumua. Mwaka 2006 lilishuka sana, 2020 likapanda sana, tofauti ikapita mita 2. Anayepima siku ziwa limejaa atashikwa siku likishuka: kimo kinaongezeka, bomba linarefushwa, na zile mita 5.2 zinakwisha.

Viungio nitavipitia kwa haraka. Kwenye laini ndefu kona moja ni kitu kidogo. Kwa kasi yetu ya mita 1.245, elbo ya kufunga kwa nyuzi inakula kama sentimita 7. Geti valvu iliyo wazi kabisa haili hata sentimita 2. Ikiachwa robo wazi inakula zaidi ya mita moja, na nimekusudia kulitaja kwa sababu valvu nyingi huachwa hivyo baada ya matengenezo. Kinachoumiza zaidi ni uzembe mdogo mdogo: makombo ya plastiki yasiyokwanguliwa baada ya kukata, ukingo ulioingia ndani mno wakati wa kuchomelea, na hewa iliyonaswa kwenye kilele. Kwenye vilima vyetu laini hupanda, hushuka na kupanda tena kukwepa mawe. Kila kilele bila valvu ya hewa ni shingo iliyokabwa.

Mtajuaje msuguano wa laini yenu bila kuchimba? Wekeni geji ya presha kwenye bomba mara tu baada ya valvu ya kuzuia maji kurudi. Zimeni pampu, laini ikiwa imejaa, subirini itulie, someni: huo ni mlima peke yake. Baa moja ni mita 10.2. Washeni pampu, subirini maji yatoke kwa kasi moja, someni tena. Tofauti ya masomo mawili ni msuguano. Wakati huohuo mtu wa juu ajaze pipa la lita 200 akishika saa: lita 3 kwa sekunde zinalijaza kwa sekunde 67. Andikeni tarehe, masomo mawili na sekunde. Rudieni kila miezi mitatu. Somo la pili la geji likipanda huku pipa likichukua muda mrefu zaidi, laini inaziba au inaota utelezi. Somo hilo likishuka na pipa likichelewa, tazameni pampu iliyochakaa au bomba linalovuja. Namba mbili hizo zinatenganisha ugonjwa wa bomba na ugonjwa wa pampu, na zinaokoa ununuzi wa pampu isiyohitajika.

Ndugu wakulima, zamu yenu. Mfereji hauna pampu. Unasukumwa na mteremko, na msuguano ndio breki. Kanuni ya kazi ni ya Robert Manning, mhandisi wa Ireland aliyeiwasilisha mwaka 1889. Gawanya eneo la maji kwa urefu wa kitako na kingo zilizolowa, chukua jibu kwa kipeo cha theluthi mbili, zidisha kwa kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha mteremko, gawanya kwa namba ya ukwaruzo; jibu ni kasi, na ukiizidisha kwa eneo unapata kiasi cha maji. Chukueni mfereji wenye kitako cha sentimita 40, kingo zilizolala nyuzi 45, maji ya kina cha sentimita 40, mteremko wa mita moja kwa kila mita 1,000. Ukisakafiwa kwa saruji, namba ni 0.015 na unapitisha lita 238 kwa sekunde. Wa udongo uliosafishwa, 0.025, lita 143. Uleule ukiachwa uote nyasi na matete mpaka namba ifike 0.05, lita 71. Mfereji haukubomoka, haukupungua upana, lakini nusu ya maji ya shamba la chini imepotea kwa sababu ya majani. Tena maji yasiyopita hayasubiri kwa adabu. Yanapanda, yanavuka tuta na kulikata. Ugomvi mwingi wa zamu za maji kati ya wakulima wa juu na wa chini ungepoa kwa jembe na fyekeo kabla ya kufika kwa mtendaji.

Mjini ni kinyume, na hapa naomba wajenzi wa mitaro mnisikilize. Kwenye mitaro ya mvua inayoshuka Isamilo au Mabatini kuelekea mto Mirongo, msuguano ni rafiki. Mtaro wa umbo lile nililolitaja, ukiwekwa kwenye mteremko wa mita 1 kwa 10 na kusakafiwa laini, unapeleka maji kwa mita 7.4 kwa sekunde. Maji hayo yanabeba mawe, na yakifika chini yanachimba msingi wa daraja na wa nyumba ya mtu. Acheni mawe yachomoze, namba ipande hadi 0.035, kasi inashuka hadi mita 3.2. Mtaro uchimbwe mkubwa zaidi ili ubebe maji yaleyale, na kila baada ya hatua chache ujengwe ngazi na kidimbwi kifupi cha kuvunjia kasi. Mawe Mwanza hatukosi. Kuupiga lipu laini mtaro wa mlimani ni kuondoa breki kwenye gari linaloshuka.

Kabla ya maswali, tutoke nje. Chini ya mwembe kuna tanki lililoinuliwa ili uso wa maji uwe mita 3 juu ya midomo ya mabomba mawili, kila moja mita 100, yote ya plastiki. Moja ni la milimita 25, uwazi wake wa ndani ni 21. La pili ni la 32, uwazi wake ni 28. Tofauti ni milimita 7. Kuna ndoo mbili za lita 20. Kwa hesabu ya msuguano, ndoo ya bomba la 32 inatakiwa ijae kwa sekunde 40 hivi, na ya bomba la 25 kwa sekunde 87. Nahitaji watu wawili wa kushika saa na mmoja wa kuandika ubaoni. Mhazini wa Sengerema, karibu mbele ushike saa ya kwanza.